Mwaliko wa Msasa

Kadi yenyewe ilikuwa kipande cha karatasi ngumu kilichokatwa kwenye boksi la misumari, ndiyo maana mtunza stoo aliigeuza mara nne kabla ya kuisoma. Mtu anayekutakia mema, alijisemea, hakukatii boksi. Upande mmoja ulikuwa bado na chapa ya kiwanda. Upande wa pili mtu alikuwa ameandika kwa penseli nene ya seremala, herufi zimesimama wima kama askari: Jumapili, baada ya ibada. Chakula cha mchana nyumbani kwangu. Kiti chako kipo. Chini kulikuwa na jina moja tu: Msasa.

Akaitia kadi mfukoni haraka, akainua macho kumtazama aliyeileta, seremala wa benchi la tatu, yule anayechechemea.

“Amekupa lini?”

“Jana, tulipotoka ibadani,” seremala alijibu. “Nitamwambia nini?”

“Mwambie Jumapili hiyo kuna mzigo wa mbao unaingia. Lazima niupokee mwenyewe.”

Seremala alimtazama kidogo, kwa kuwa hakuna mbao zilizowahi kuingia siku ya Jumapili tangu karakana ile ijengwe. Akaondoka akiuburuta mguu wake, na mtunza stoo akabaki akijiuliza huyu naye kaingia lini kwenye njama.

Wenzake walimwita Kufuli. Jina hilo alilipata kwa mambo mawili: funguo kumi na saba zilizoning'inia kiunoni mwake, na mdomo usiofunguka ovyo. Katika karakana ile ya samani, skrubu haikutoka stoo bila yeye kujua inakwenda kwenye mguu wa meza gani. Ukimpa mkono, alitazama kwanza ule mkono wa pili umeshika nini. Watu walitania kwamba hata kivuli chake hukikagua kabla ya kukiruhusu kimfuate.

Lakini hakuzaliwa hivyo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, ndivyo wanavyosema. Kufuli lakini hakuumwa na nyoka, nyoka alikuwa yeye.

Miaka tisa nyuma, stoo ya vanishi iliungua mchana kweupe. Paa lilianguka, na seremala wa benchi la tatu akatolewa mguu wake umebabuka kuanzia goti. Chanzo cha moto kilijulikana na mtu mmoja tu duniani, au ndivyo Kufuli alivyoamini. Kilikuwa jiko dogo la umeme alilopashia gundi mlemle ndani ya stoo, kinyume cha amri, akaliacha linawaka na kwenda kupiga soga getini. Alipoulizwa, ulimi ukaitangulia akili. Alisema alimwona fundi wa kupaka vanishi akitoka stoo na sigara mkononi.

Fundi huyo ndiye Msasa. Aliitwa hivyo kwa sababu alisugua mbao mpaka ukizipitisha shavuni unadhani ni kitambaa. Na kweli alivuta sigara, kila mtu alijua. Uongo ukipata ukuta wa kuegemea hauanguki. Kufuli aliurudia mahakamani, mkono juu, jasho likimtiririka mgongoni, na Msasa akafungwa miezi kumi na minane. Mwenye karakana akamsifu Kufuli kwa uaminifu, akampandisha kutoka msaidizi hadi mkuu wa stoo. Funguo zote kumi na saba alizipata siku moja.

Jioni ile mkewe aliikuta kadi alipokuwa akipekua mifuko kabla ya kufua.

“Baba watoto, huyu Msasa si yule mliyefanya naye kazi?”

“Ndiye.”

“Anakualika chakula? Mungu ampe maisha marefu. Utakwenda na nini mkononi?”

“Siendi.”

“Kwa nini?”

“Mtu uliyemtolea ushahidi akafungwa hawezi kukualika bure.”

“Si ulisema ulichokiona tu? Yeye mwenyewe ameona hivyo, ndiyo maana amekunjua moyo.” Mkewe aliinusa kadi, akacheka. “Inanukia vanishi. Wewe unanusa sumu.”

Kufuli alikata kipande cha mkate, akakitafuna muda mrefu kuliko mkate unavyohitaji.

Juma la pili alikuja dada yake Msasa. Alikuwa mwanamke mnene mwenye pumzi fupi, aliyesimama kwenye dirisha la stoo kama mteja, mkoba kifuani.

“Kaka yako anasema wiki iliyopita ulibanwa na mbao. Je, Jumapili hii?”

Hilo neno “kaka yako” lilimkuna vibaya. “Shikamoo dada. Jumapili hii nimenunua baiskeli. Nataka kuijaribu mlimani, nione breki zake.”

Dada wa Msasa alianza kucheka, kicheko cha kweli cha mtu aliyesikia jambo analolijua. Akacheka hadi akashika kizingiti cha dirisha. “Baiskeli! Haya. Wa zamani walijaribu ng'ombe.”

“Ng'ombe gani?”

“Basi tu. Nitamwambia.”

Alipokwenda zake, Kufuli hakuweza kuandika hata mstari mmoja wa orodha ya misumari. Alikuwa anacheka nini? Ng'ombe wanahusikaje? Kwenye fikra zake, kicheko kile kiligeuka ishara ya siri kati ya watu wanaojua mtego umefungwa vizuri. Alipanga moja moja yote yanayoweza kumpata kwenye nyumba ile. Sumu kwenye chakula. Simu iliyofichwa mahali, inarekodi, huku Msasa akimchokonoa kwa maneno matamu hadi ateleze. Vijana wanne nyuma ya mlango. Kila alipofika kwenye ile ya nne, kwamba labda mtu anataka kumpa chakula tu, aliirusha nje kama mtu anayetoa koleo lenye kutu kwenye sanduku la makoleo mazima.

Mara ya tatu alikuja Msasa mwenyewe, na hakwenda karakana. Alikwenda nyumbani.

Kufuli alikuwa uani akijaza hewa tairi la hiyo baiskeli, ambayo ilibidi ainunue kweli ili uongo usimuumbue. Alisikia mkewe akikaribisha mtu kwa furaha, akachungulia, pampu mkononi. Msasa alikuwa amekonda, nywele zimeingia mvi pembeni, lakini mikono ilikuwa ileile, yenye rangi ya vanishi kwenye kucha kana kwamba jela haikuwahi kuigusa.

“Nimepita tu,” Msasa alisema. Alikuwa amesimama, hakukaa. “Nimekuja kumwita mwenzangu. Tunakula saa saba.”

“Jumapili hii wakwe...” Kufuli alianza. “Mke wangu ana wageni.”

“Wageni gani?” mkewe akadakia. “Sina wageni mimi. Shemeji, atakuja. Nakuhakikishia atakuja.”

Msasa alitabasamu, akainamisha kichwa kama mtu anayeshukuru, akaenda. Hakumtazama Kufuli machoni zaidi ya mara moja, na ile mara moja ndiyo iliyomnyima raha wiki nzima, kwa sababu hakuona chuki. Chuki angeijua aipangie rafu gani. Hii aliyoiona haikuwa na rafu.

Jumapili ilipofika alimkataza mkewe kufuatana naye. Alimkabidhi funguo, akamwonyesha hati ya nyumba ilipo, akamwambia bima iko ndani ya kasha la viatu.

“Unakwenda kula au unakwenda vitani?” mkewe aliuliza.

“Mtu hajui.”

“Ajabu yako wewe!” Mkewe alimtia mkononi furushi la ndizi mbivu. “Usiende mikono mitupu. Na usiwahoji watu wa watu.”

Nyumba ya Msasa ilikuwa ya vyumba viwili na ua mdogo wenye kibanda cha kazi. Meza yenyewe ilikuwa mlango. Mlango mzima wa zamani, bado una tundu la kitasa, umelazwa juu ya miguu ya mbao na kupakwa vanishi mpaka ukang'aa. Pande zote mbili kulikuwa na mabenchi, na kwenye mabenchi watu ambao Kufuli asingewatarajia pamoja: seremala wa benchi la tatu, wanawake wawili wanaofagia sokoni wakiwa na aproni zao, mzee kiziwi anayenoa visu mitaani, na mwanamume mmoja aliyevaa viatu visivyofanana. Hakuna hata mmoja aliyeonekana kuwa ndugu wa mwenzake. Watu wa njama, aliwaza, wangekuwa wamevaa vizuri zaidi. Lakini wazo hilo halikumtuliza, maana njama yenye akili ndivyo inavyojivika.

Kwenye kichwa cha meza kulikuwa na kiti. Kiti kimoja tu katika chumba kizima, chenye mgongo na mikono, kipya, mbao zake laini kama maji.

“Hicho ni chako,” Msasa alisema.

Kufuli alikizunguka. Alitikisa mgongo wake, akainama akakagua miguu, akapitisha kidole kwenye maungio akitafuta skrubu iliyolegezwa. Wale wanawake wawili walitazamana. Mwishowe alikaa kwa tako moja, miguu imeelekea mlangoni.

Dada wa Msasa alipakua. Sahani ya kwanza ilikuja kwake: wali, mchuzi wa kuku, viazi na mboga za majani. Alisubiri. Alisubiri watu wengine wapakuliwe kutoka chungu kilekile, akasubiri sala, akasubiri mnoa visu, aliyekaa ubavuni mwake, aingize kijiko mdomoni na kumeza. Bado moyo haukutulia. Sahani yake ilipakuliwa ya kwanza, na ya kwanza ndiyo inayowekewa. Basi mnoa visu alipogeuka kuchukua maji, Kufuli alizibadilisha sahani mbili zile kwa mkono mwepesi wa mtu aliyezoea kuhamisha vitu rafuni.

Mnoa visu aligeuka, akaona paja kubwa la kuku limetua mbele yake, akaangua kicheko kisicho na sauti. Alimpiga Kufuli bega, akaweka mkono kifuani kwa shukrani. Alidhani amepewa.

Msasa aliona. Kufuli alijua ameona, kwa sababu macho yao yaligongana juu ya sahani. Mwenye nyumba alinyoosha mkono, akachota kijiko kimoja kwenye sahani ya mnoa visu, ileile iliyokuwa ya Kufuli, akala. Kisha akamega kiazi humohumo, akala tena, akafuta mdomo.

“Dada,” alisema, “chumvi imekaa vizuri leo.”

Kufuli alikula. Hakujua anakula nini. Aibu haina ladha.

Walipokaribia kumaliza, wale wanawake wa sokoni walimtaka Msasa asimulie. Ilionekana ni desturi ya meza ile. Msasa alisukuma sahani pembeni, akasimulia kwa maneno yake mwenyewe habari ya yule mtu wa kwenye Maandiko aliyeandaa karamu kubwa. Alisimulia kwa kuigiza. Mmoja akatuma salamu kwamba amenunua shamba, hana budi kwenda kuliona. Mwingine amenunua ng'ombe wa kulimia, anakwenda kuwajaribu. Watu wakacheka, naye dada wa Msasa akajifunika uso kwa upande wa kitenge, mabega yakimtikisika. Wa tatu ameoa.

Kufuli alihisi masikio yakipata moto. Mbao, baiskeli, wageni wa mkewe. Kumbe wamekuwa wakimcheka kwa mwezi mzima! Kilichomleta hapa ni hiki basi, kuvuliwa nguo mbele ya wafagiaji na wanoa visu. Alikuwa anainuka wakati Msasa alipoweka mkono wake begani mwake, kwa upole, kama anavyopima ubao.

“Kaa. Haijaisha,” alisema. Kisha akawaambia wengine, “Nendeni uani mkapumzike. Chai inakuja.”

Walibaki wawili. Nyuma ya Msasa kulikuwa na pazia la chumba cha pili, na Kufuli hakuliondolea macho.

“Sema unachotaka,” alisema kwa sauti ya chini.

“Nimetaka ule.”

“Nimekula. Sasa?”

“Sasa urudi Jumapili ijayo.”

“Nisiporudi?”

“Nitakuja kukuita.”

Kwa Kufuli hicho kilikuwa kitisho kamili. Akainamia meza. “Msasa, mimi si mtoto. Una jambo.”

Msasa alikaa kwenye benchi, akawa chini ya kile kiti kwa kimo. “Siku ya tatu baada ya moto tulikuwa tunaondoa kifusi,” alisema. “Nilikuta jiko la gundi chini ya bati. Sufuria imegandia juu yake na swichi iko kwenye kuwaka. Nilijua nani anapasha gundi mle. Nikaliweka kando nilipeleke kwa wenye uchunguzi kesho yake. Asubuhi walinikamata. Huku nyuma jiko likazolewa na vyuma chakavu, na neno langu bila jiko nani angeliamini?”

Jambo la kwanza Kufuli alilolihisi, na atalikumbuka hadi kaburini, lilikuwa nafuu. Jiko halipo. Hakuna ushahidi. Nafuu ilimpanda kifuani kama maji ya baridi, halafu akajichukia kwa kuipokea.

“Umejua muda wote huo,” alisema.

“Muda wote. Mwaka wa kwanza nilikuua kila asubuhi, kabla ya uji. Kila siku kwa njia mpya. Usidhani nakutania.” Msasa alitazama mikono yake. “Kule jela kulikuwa na Maandiko, lakini yamechanwachanwa. Kurasa nyingine watu walikuwa wamezisokotea tumbaku. Hii habari ya karamu ilibaki nusu. Niliisoma mpaka mahali ambapo wageni wamekataa na mwenye nyumba amekasirika, karatasi ikakatika hapo. Nikafurahi sana. Nikasema, haya, sasa atawachoma moto. Nililala na mwisho huo wa kwangu nusu mwaka, nikikuweka wewe humo ndani.”

“Halafu?”

“Nilipotoka nikausoma mwisho wenyewe. Kumbe alituma watu tena. Nendeni vichochoroni, nendeni njiani, leteni vilema, leteni maskini, washurutisheni, nataka nyumba ijae. Nikaona huyo wa njiani ni mimi. Mfungwa, mke amekimbia, hakuna anayenipa kazi, nami nimeitwa. Nikaingia. Lakini nilipokaa, nikaona kuna kiti kitupu pale, na kila nikifumba macho, anayetakiwa kukikalia ni wewe. Nikamwomba Mungu anipe mtu mwingine yeyote. Yeyote.” Akacheka kidogo, bila furaha. “Ukimya tu. Basi nikatengeneza kiti. Hicho kimenichukua miezi minne, kwa sababu kila nikifika kwenye mgongo wake nakivunja.”

Kufuli alitazama mikono ya kiti kile alichokalia. Alitaka kuamini, na hapohapo alisikia sauti yake ya zamani ikimwambia: haya ndiyo maneno ya kukufungua mdomo. Subiri uone. Na kweli, pazia lilitikisika.

Aliruka. Kwa hatua mbili alikuwa amelishika, akalivuta kwa nguvu hadi pete zikalia.

Hakukuta simu wala vijana wanne. Alimkuta msichana wa miaka ishirini na moja hivi, amekaa mbele ya cherehani, gauni la mteja magotini, sahani ya chakula kando yake imepoa bila kuguswa. Alikuwa na paji la uso la Msasa.

“Binti yangu,” Msasa alisema. “Mwanangu, nilikuomba uje mezani.”

“Sikai meza moja naye.” Msichana alisimama. Gauni lilianguka. “Baba, wewe umesamehe, ni yako. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Shuleni waliniita mtoto wa mchoma stoo hadi nikaacha kwenda. Mama aliondoka akasema atarudi wiki ijayo. Ni wiki ijayo gani hiyo?” Alimgeukia Kufuli, machozi yamesimama hayaanguki. “Unakagua kiti! Nilikuona kwenye upenyo. Unabadilisha sahani! Unadhani kuna mtu humu anakutaka wewe ufe? Mimi nilitaka. Mimi ndiye ungeniogopa. Lakini baba aliamka alfajiri kukuchinjia kuku.”

Akapita katikati yao, akatoka uani. Msasa naye akamfuata bila hata kuaga.

Kufuli alibaki ameshika pazia. Kupitia dirishani aliwaona wawili wale nyuma ya kibanda cha kazi, mbali na wageni wanaokunywa chai. Hakusikia yote. Alisikia baba akibembeleza, “Meza ni yako pia, mwanangu. Vyote vya hapa ni vyako,” na binti akijibu kwa kutikisa kichwa. Alimwona Msasa akisimama pale, mikono imelegea, akiomba kwa namna ileile aliyomwomba yeye kwenye ua wake, mchana ule wa baiskeli. Hakumlazimisha. Hakumkemea. Alisimama tu hapo, karibu naye.

Ndipo kitu kikamwachia Kufuli ndani. Upendo wa Msasa aliushuku kwa kila upande, akaukagua kama mzigo usio na karatasi. Lakini hasira ya msichana haikuwa na njama yoyote. Ilikuwa kweli tupu. Na kama hasira ile ilikuwa ya kweli, basi na kile kilichokuwa kikiikabili, kikiibembeleza nyuma ya kibanda, nacho ni cha kweli, kwa maana hakuna mtu angejitwisha kugombana na mwanawe mwenyewe kwa ajili ya hila. Alikaa chini, safari hii kwa uzito wake wote, akalia kama mtu anayekohoa.

Alipofika nyumbani mkewe alikuwa anakunja nguo.

“Umerudi hai,” alitania. Kisha akamwona uso. “Kuna nini?”

“Sikumwona na sigara,” Kufuli alisema.

Ilimchukua hadi jua kuzama kumaliza habari yote. Alipomaliza, mwanamke yule aliendelea kukunja shati moja, akalikunjua, akalikunja tena. “Miaka tisa,” alisema hatimaye, “nimelala na mtu ambaye simjui.” Akahamia chumba cha watoto, na huko akakaa majuma matatu.

Jumatatu Kufuli aliziweka funguo mezani kwa mwenye karakana, pamoja na maelezo ya kurasa mbili. Mwenye karakana alisoma, akavua miwani, akasema mambo ya zamani yaachwe yalivyo, yatamchafulia jina la kazi. Kufuli akasema hapana. Alikuwa amekwisha kuacha nakala kituo cha polisi asubuhi ileile, asije akabadili nia. Alikijua vema kichwa chake.

Wafanyakazi waliitwa uani, maelezo yakasomwa. Seremala wa benchi la tatu alimjia baadaye, akautazama mguu wake mwenyewe, kisha akamtazama yeye.

“Mguu huu ni wako, basi,” alisema.

“Ni wangu.”

“Nitafute siku nyingine. Leo sitaki kukuona.”

Kufuli alifukuzwa kazi. Polisi walimwita mara kadhaa, na hakimu, baada ya kusikia kwamba amekuja kwa miguu yake, alimpa kifungo cha nje cha mwaka mmoja, akifagia na kufua mashuka kwenye zahanati. Hukumu ya Msasa ilifutwa. Msasa aliipokea karatasi hiyo, akampa binti yake aisome kwa sauti. Msichana alisoma hadi katikati, akampa shangazi amalizie.

Na Kufuli, ambaye sasa hana funguo hata moja, aliendelea kwenda saa saba. Si kila Jumapili. Kuna Jumapili alifika hadi kona ya mtaa, ule wasiwasi wake wa zamani ukamkamata shingoni, ukamwambia leo ndipo wanakuumbua, akageuka. Jioni yake Msasa angepita kumwuliza kama anaumwa. Kile kiti alikataa kukikalia tena. Alimpisha mwanamume wa viatu visivyofanana, yeye akabanana kwenye benchi na mnoa visu. Mkewe alianza kuja naye mwezi wa tatu. Alimsalimu Msasa kwa magoti, akamwomba msamaha kwa jambo ambalo hakulifanya, na Msasa akamwinua haraka, akaona haya.

Msichana hakutoka chumbani. Ukikaa kimya ulisikia cherehani lake wakati watu wanasali. Msasa alikuwa akienda kila mara kwenye lile pazia kabla ya kupakua, anasimama, anasema, “Chakula tayari,” anangoja, kisha anarudi peke yake.

Ilikuwa Jumapili ya mvua, katikati ya habari aliyokuwa akiisimulia Msasa, cherehani liliponyamaza. Pazia likafunguka. Msichana alitoka na sahani yake mkononi, akapita nyuma ya migongo ya watu, akakaa mwisho kabisa wa meza, upande wa tundu la kitasa, mbali na Kufuli kadiri ubao ule ulivyoruhusu. Hakumsalimu. Hakumtazama. Alianza kula.

Msasa alipoteza mstari wa hadithi yake, akaurudia, akaupoteza tena. Kufuli aliinamisha macho kwenye wali wake, asithubutu kuyainua, akaendelea kula polepole pamoja na wengine.